Ubao Uliolala Ndooni

Kisiwani Chiloé mvua haiulizi msimu.
Inanyesha kama mtu anayelipa deni kidogo kidogo,
asimalize, asiache.

Kwa hiyo sikumsikiliza muuza mbao wa Castro
aliyegonga chipbodi kwa kifundo cha kidole
akasema, "Sikia, mama. Chuma hiki."
Nilimwomba vipande, mabaki tu, upana wa kiganja.
Alinipa vinne, akacheka,
akidhani naenda kuwashia jiko.

Nikavitia ndooni chini ya mchirizi wa paa,
nikavikandamiza kwa jiwe,
nikaandika tarehe ukutani.

Siku ya tatu chipbodi ilivimba
kama mkate uliosahauliwa ndani ya chai.
Siku ya tisa niliichota kwa kijiko.
Hadibodi ilijikunja, ikawa sikio la mbwa.
Ule wa mabanzi yaliyoshindiliwa ulijitahidi,
lakini kingo zake ziliota ndevu,
na kwenye ndevu ndiko ukungu unakoanzia.
Plaiwudi ya kabati iliachana tabaka tatu,
kila moja ikashika njia yake
kama ndugu baada ya mirathi.

Plaiwudi ya mashua ndiyo isiyojali maji.
Bei yake niliisoma mara mbili,
nikairudisha karatasi mezani taratibu,
kama mtu anayerudisha mtoto wa watu.

Rahisi ghali, mama alikuwa akisema.
Hakusema ghali tuifanyeje
kiwanda cha samaki kikishamrudisha mumeo nyumbani
na viatu vya mpira na barua ya mistari minne.

Nolberto ndiye aliyeziona.
Nyuma ya shule mpya mafundi walikuwa wamebandua
mbao za kumwagia zege:
nyekundu, zenye ngozi ngumu,
zimechakaa kingo, zina matundu ya boliti,
zimerundikwa zingoje moto.
Msimamizi, Lepío mmoja mwenye pengo, alisema,
"Chukueni. Misumari ndiyo yangu."

Kumi na moja. Milimita kumi na nane.
Zilikuwa zimeshikilia ukuta mbichi usiku kucha
mpaka ukuta ukajua kusimama peke yake.

Hata hivyo nilikata kipande nikakilaza ndooni.
Siamini ngozi.
Siku ishirini na mbili.
Uso haukubadilika. Kingo, pale msumeno ulipopita,
zilikunywa, zikanenepa kwa unene wa ukucha.
Basi nikajua ugonjwa unaingilia wapi.
Nta ya mwaka jana niliiyeyusha na mafuta ya kitani,
nikaipaka kingoni ingali moto, mara tatu,
vidole vikanukia mzinga kabla ya mzinga kuwepo.

Mwezi mzima zilikaa bandani, milango wazi,
harufu ya mafuta ya mafundi itoke.
Upande wa ndani niliukwaruza kwa msasa,
nyuki wapate pa kushika mguu.
Fremu tulichonga kwa mapaleti,
yale tu yaliyopigwa mhuri wa joto;
yenye mhuri wa sumu tuliyaacha gatini.

Erasmo, kaka yangu, mwenye mizinga ya msonobari
iliyonyooka kama nia ya padri,
alikuja Jumapili, akagonga, akauliza,
"Huu ni mzinga au choo cha shule?"
Sikumjibu. Nilikuwa nasoma
mwandiko wa penseli wa fundi nisiyemjua,
juu ya kifuniko:
ukuta wa kaskazini, darasa la kwanza.

Februari miti ya ulmo ikachanua, mlima ukawa mweupe.
Nyuki wakaingia wakatoka, wakaingia wakakaa.
Wakaanza kuziba matundu ya boliti
moja baada ya jingine, kwa utomvu mwekundu,
bila kuuliza ubao ulinunuliwa wapi.

Moja wameliacha. Sijui kwa nini.
Asubuhi naliinamia, natega sikio:
kelele ya darasa
kabla mwalimu hajaingia.

Ndoo bado iko chini ya mchirizi.
Jana nilikuta kipande kisicho changu ndani yake,
kimewekewa jiwe,
na ukutani tarehe, kwa mwandiko wa Erasmo.